Kijivu na Krimu kwenye Ukuta Wangu

Rangi nzuri haipo. Ninyi vijana mnaoshika brashi leo, hasa ninyi mnaotembea na kitabu cha rangi kwapani kama mwinjilisti na Biblia yake, lisikieni hili kwa mtu aliyepaka kuta za Arusha tangu alipoota ndevu hadi magoti yalipomkataza kupanda ngazi. Rangi nzuri haipo. Kuna rangi iliyopatana na ukuta wake na kuna iliyogombana nao, na kazi yenu ni kulijua hilo kabla hamjafungua ndoo ya pili.

Huu ni mwaka wa nne tangu niache kazi. Fundi rangi hastaafishwi na mtu wala haagwi kwa keki. Siku moja nilishuka kwenye ngazi kule Sokon One, nikakaa chini nivae viatu, nikashindwa kuinuka. Nikajua basi. Sasa niko nyumbani kwangu Maji ya Chai, juu kidogo ya barabara kuu, katikati ya migomba na kahawa aliyoniachia baba. Mke wangu, Mama Upendo, alitangulia mbele ya haki miaka mitatu iliyopita. Upendo, mtoto wetu wa pekee, anafanya kazi Dodoma. Humu ndani nimebaki na redio, na redio yenyewe hushika stesheni inapojisikia.

Mwezi wa kumi Upendo akanipigia simu.

"Baba, nyumba imechakaa. Nimepata fundi, atakuja kupaka nje yote kabla ya mvua."

"Na mimi ni nani hapa? Mpishi?"

Akacheka. "Wewe pumzika, Baba. Utachagua rangi tu. Nimempa mbili, kijivu na krimu. Utamwambia ipi."

Fundi akaja. Anaitwa Glory, binti wa miaka ishirini na kitu kutoka Engutoto, ovaroli imejaa madoa ya nyumba za watu, ngazi begani. Wakati wetu tulisema wanawake hawawezi kupanda ngazi. Kumbe hatukuwahi kuwaachia ngazi.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Umeshapaka nyumba ngapi?"

"Nyingi, Babu. Sijahesabu."

Jibu likanipendeza, maana anayehesabu bado ni mwanafunzi. Nikampima tena kwa macho. Hakunipakia vile vipande vidogo vya kiganja, ambavyo mafundi wengi wa siku hizi huvipaka kisha wakaviita majaribio. Alipaka viwili ukuta wa mbele, kila kimoja ukubwa wa mlango, mikono miwili ya rangi, mmoja juu ya mwingine, kijivu kushoto na krimu kulia. Akapaka vingine viwili nyuma, upande wa mlima. Kisha akasema, "Viangalie, Babu. Ukiwa tayari utaniambia."

Jioni ile, saa kumi na mbili, simu ikalia.

"Baba, umechagua?"

Nikamweleza. Nikamwambia kijivu jua likizama kinageuka kama zambarau hivi, na krimu inakuwa na joto fulani, kama uji uliotiwa maziwa. Akauliza mbona kijivu kiwe zambarau. Nikamfafanulia. Tuliongea mpaka sikio likapata moto. Kesho yake, saa ileile, simu ikalia tena: "Baba, leo zikoje?"

Sasa niwaeleze jambo ambalo wazee hatulisemi. Kabla ya vipande vile, Upendo alikuwa akinipigia mara moja kwa mwezi. "Baba, hujambo? Unakula? Dawa unameza? Haya, tutaongea." Simlaumu. Ana kazi zake, na mimi kwenye simu ni mzito, najibu ndiyo na hapana kama niko mahakamani. Mama yake ndiye aliyekuwa na maneno, nami nilikuwa nikisalimiwa kupitia yeye. Alipoondoka, aliondoka na mazungumzo ya nyumba hii. Lakini rangi naijua. Kwenye rangi nina maneno ya kutosha, na mtoto wangu alikuwa akiyataka, kila siku. Siku ya tatu nilielewa kwamba nikichagua tu, simu zitakatika.

Basi sikuchagua.

Glory aliporudi nikamwambia rangi hazijaonwa vya kutosha. Na ukweli ni kwamba nilikuwa na sheria upande wangu. Mwalimu wangu, Mzee Hamza, mtu wa Tanga aliyehamia Ngarenaro na kuzeekea pale, alinifundisha kwa machungu. Nikiwa fundi mchanga nilipewa nyumba ya mwalimu mmoja wa kike pale Engutoto. Alichagua kijani chepesi kwenye kadi, kipande cha upana wa kidole, akasafiri likizo. Mimi nikapaka nyumba nzima. Aliporudi akasimama getini, mkoba ungali mkononi, akasema, "Fundi, mbona umenipeleka hospitali?" Nikatazama. Kweli, palikosekana vitanda tu. Mzee Hamza alinirudisha nipake yote upya, na siku zote zile hakunisemesha. Tulipomaliza ndipo akasema, "Rangi kwenye kadi ni posa. Ukutani ndiyo ndoa."

Tangu hapo akanizoesha. Tazama asubuhi mlima ukiwa wazi. Tazama saa sita jua likiwa utosini. Tazama siku ya wingu, maana hapa kwetu miezi ya baridi wingu hushuka hadi kwenye migomba na nyumba ya kijivu hupotea, mgeni akapita getini asiione. Mwagia maji uone ikilowa. Geuza mgongo, tembea hadi barabarani, kisha geuka ghafla kama mtu aliyeitwa jina. Rangi utakayoiona kwa mshtuko ule ndiyo watakayoiona watu.

Yote hayo ni kweli, yafuateni. Ila hayahitaji zaidi ya siku tatu, na mimi niliyanyoosha yakafika siku tisa. Siku moja nasubiri wingu. Siku nyingine wingu limekuja, nasubiri liondoke. Glory anasikiliza, anaitikia, "Sawa, Babu," anakwenda zake kwenye kazi nyingine. Na kila jioni saa kumi na mbili nakaa karibu na simu, nimeshaoga.

Rangi zikaanza kuisha maneno, ndipo nikaanza kumpa Upendo visa vya kazi. Nikamsimulia habari ya chumvi, ambayo hakuwahi kuisikia, ingawa alikulia mikononi mwangu. Zamani tukipaka chokaa tulitia chumvi ndani ya pipa ili ishike ukuta na isichafue nguo. Huku kwetu milimani haikuwa na neno. Basi nikapata kazi upande wa Kisongo, kwa mzee mmoja Mwarusha mwenye mbuzi wengi. Nikatia chumvi yangu vizuri, nikapaka nyumba ikang'aa, nikalala kwao. Asubuhi mzee akaniita kwa upole sana. Mbuzi walikuwa wamejipanga ukuta mzima, bega kwa bega, wanalamba. Chokaa yote imeondoka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Mzee akaniuliza, "Fundi, umepaka nyumba au umepika?"

Upendo alicheka hadi akakohoa. Akasema, "Baba, kumbe una maneno!" Nilipokata simu nilikaa na maneno yale sebuleni, nikafurahi, na furaha ile ikaniuma, maana hakuwepo mwingine wa kumwambia.

Siku ya saba Glory akaja na msasa. Akasema hata kama sijachagua, kukwangua ukuta kunaweza kuanza. Akaweka mirunda ya jukwaa, akaanza upande wa barabarani. Nadhani mnajua desturi yetu huku. Nyumba ya mtu mzima ikianza kukwanguliwa ghafla, watu hawaulizi rangi. Wanauliza amefariki nani. Mtu akifia hospitali, au mjini, kabla hajaletwa kuzikwa nyumbani, ukoo huita fundi. Ukuta hupigwa rangi mbiombio ili wageni wasikute aibu. Nimefanya kazi hizo nyingi, nikipaka huku turubai likifungwa juu ya kichwa changu.

Glory alikuwa ameshuka barabarani kula, mimi nimelala mchana, nikasikia sauti nje. Nikatoka. Mama Eliamani, jirani yangu wa ng'ambo ya mfereji, amesimama uani na kanga mbili na kilo mbili za sukari. Nyuma yake mzee wa kanisa, na vijana wawili wamebeba kuni. Mama Eliamani aliponiona akadondosha sukari.

"Baba Upendo! Uko hai?"

"Kwani ulitaka nini?"

"Tumeona jukwaa! Na wewe hatujakuona siku nyingi. Tukasema basi, mzee wa watu ameondoka."

Tulicheka sana. Mzee wa kanisa alikuwa ameshaandaa somo la kusoma, akalikunja mfukoni. Wakaingia, tukachemsha chai kwa sukari ya msiba wangu, tukatumia na kuni zangu. Miezi mingi nyumba hii haikuwa imeona watu watano kwa pamoja. Mama Eliamani akasifia krimu, mzee wa kanisa akasema kijivu ndicho wanachopaka watu siku hizi, wakabishana. Kisha mmoja akakumbuka ng'ombe, mwingine akakumbuka kikao, wakanyanyuka. "Haya Baba Upendo, maadamu ni mzima." Nikaosha vikombe vitano. Niwaambie wazi, nilikuwa mpweke kuliko kabla hawajaja. Nilijiuliza kama inabidi mtu afe ndipo aletewe kuni.

Siku ya tisa Glory alisimama mbele ya vile vipande, mikono kiunoni.

"Babu, mimi nikikosea useme. Wewe rangi unaijua kuliko mimi."

"Naijua."

"Na hizi mbili ulishazimaliza siku ya kwanza."

Nikatazama mlimani.

"Vuli inakuja, Babu. Mvua ikinikuta na ukuta uliokwanguliwa, itaingia kwenye lipu. Mimi ndiye nitaonekana sijui kazi."

Alisema kweli, na fundi akisema kweli mbele ya fundi mwenzake hakuna pa kujificha. Nikamwambia krimu, na chini, kuanzia ardhini hadi usawa wa goti, mkanda wa kahawia iliyokolea. Sababu zake ni hizi, zitieni akilini. Vumbi letu ni jekundu. Kwenye kijivu linakaa kama kutu, kila mtu analiona. Kwenye krimu linazama, nyumba inazeeka taratibu bila kutangaza. Krimu inaogopa kitu kimoja tu, matope yanayoruka mvua ikigonga ardhi, na hayo ndiyo kazi ya mkanda. Halafu kijivu kinahitaji jua na watu. Nyumba ya kijivu yenye watoto wanaokimbia uani inapendeza sana. Nyumba ya kijivu ya mtu mmoja, mwezi wa saba, wingu limeshuka, hapana.

Jioni nikamwambia Upendo. "Krimu? Safi sana, Baba. Nilijua tu. Haya, tutaongea."

Glory alipaka siku nne. Nilikaa kwenye kiti nikimtafuta kosa, sikuliona. Alipita kingo za madirisha kwa brashi tupu, bila kubandika karatasi, mstari umenyooka. Aliacha mkono wa kwanza ukauke kabisa ndipo akarudia wa pili. Pale chini ya paa, ambapo hakuna mtu atakayewahi kuangalia, alipaka kama pa mbele. Alipoondoka niliizunguka nyumba yangu peke yangu mara mbili. Ilikuwa kazi safi kuliko nyingi zangu.

Saa kumi na mbili nikaoga, nikakaa karibu na simu. Haikulia. Kesho yake haikulia. Wiki ikapita, na ya pili. Mtaniuliza kwa nini sikupiga mimi. Nilishika simu mara nyingi. Nililelewa kwamba mzazi hupigiwa, lakini hiyo si sababu, ni kisingizio. Sababu ni kwamba sikujua ningesema nini. Rangi ilikuwa imekauka.

Hapo ndipo nilipofanya jambo la aibu kuliko lile la hospitali na lile la mbuzi. Nilimpigia Upendo nikasema ukuta wa nyuma umetoa malengelenge. Nikasema rangi inafura, inabanduka. Nilieleza vizuri, maana malengelenge nayajua. Upendo alikasirika. "Yule dada ameniangusha! Baba, usijali, nampigia sasa hivi." Na kweli, jioni ile alinipigia tena, na kesho yake tena: malengelenge yameongezeka? Yamefika dirishani? Nikajibu kila swali. Niliongea vizuri sana, vijana wangu. Sikumfikiria Glory hata kidogo mpaka nilipoona ngazi yake inapita getini.

Alinisalimia, akaenda nyuma moja kwa moja. Nikamfuata. Akaupapasa ukuta kwa kiganja, polepole, kutoka kona hadi kona. Akagonga kwa kidole, akasikiliza. Akainama kwenye mkanda, akapanda ngazi hadi chini ya paa. Alitumia muda mrefu, maana alikuwa anatafuta kweli. Alikuwa anaamini kwamba mimi, fundi mzee, siwezi kuona malengelenge mahali ambapo hayapo. Mvua ya asubuhi ilikuwa imepita na ukuta ulikuwa mkavu, mzima, laini kama yai.

Akashuka. Akaniangalia, kisha akaangalia mlango wa jikoni ulio wazi, na kikombe kimoja kilichofunikwa juu ya meza. Akatoa simu yake mfukoni, akapiga.

"Dada Upendo, shikamoo. Niko hapa kwa Babu. Ndiyo, nimeyaona. Ni kweli." Akautazama ukuta. "Kosa ni langu, dada. Mkono wa kwanza sikuuacha ukauke. Ila kurekebisha itachukua muda, na rangi lazima ilingane. Ingekuwa vizuri uje mwenyewe uone."

Miaka yangu yote nimeona mafundi wakikana makosa yao hadi kwa kiapo, na mimi nikiwemo. Sikuwahi kuona fundi akibeba kosa ambalo halipo, tena kwa kazi safi namna ile. Uso ulinichoma. Nikamwambia, "Lete hapa," nikaichukua simu mkononi mwake.

"Upendo, usimsikilize huyu. Ukuta ni mzima. Hauna lengelenge hata moja."

"Baba? Si wewe uliyesema…"

"Nilidanganya. Binti wa watu amepaka vizuri kuliko nilivyowahi kupaka mimi. Nilidanganya kwa sababu tangu rangi ikauke hujapiga."

Nilidhani mtandao umekata. Glory akajifanya anafunga kamba za viatu vyake, na viatu vyake havina kamba.

"Baba," Upendo akasema mwishowe. "Umeshakula?"

"Bado. Kuna ndizi."

"Za kupika? Basi nenda jikoni uanze kumenya. Usikate simu. Mama alikuwa anaanza kukaanga kitunguu, au anatia vyote kwa pamoja?"

"Kitunguu kwanza," nikasema. "Lakini alikuwa hakiachi kiungue, si kama wewe."

"Mimi naunguza vitunguu, Baba? Lini?"

Nikaingia jikoni nikimjibu, simu nimeibana kwa bega, kisu mkononi. Kupitia dirishani nilimwona Glory amegeuza ndoo, amekaa juu yake kuutazama ukuta wake, akisubiri simu yake. Alisubiri hadi ndizi zikaiva, na nikampakulia.